Sensa ya Pikapu na Salamu za Barabara ya Kajiado

Mume wangu aliniachia pikapu, nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Noonkopir, Kitengela, na kimya. Gari na nyumba nilijua la kufanya navyo. Kimya ndicho kilichonishinda. Watoto walikuwa wameshaenda kujitegemea mbali. Asubuhi niliwasha redio ili nyumba iwe na sauti ya mtu, nikapakia kabichi na vitunguu, nikaenda soko la Kajiado. Hadi narudi jioni, kila niliyeongea naye alikuwa ameniuliza bei tu. Hakuna aliyeniuliza nimelalaje. Basi nikazoea kuongea na gari.

Gari nalo likaanza vituko. Kila nikishapita Isinya, injini ikiwa imepata moto sawasawa, lilikohoa mara moja likazima, bila hata aibu. Nazungusha ufunguo, starta inalia, injini haishiki. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Siku ya kwanza nilipiga tairi teke, nikaumia kidole, nikalitukana gari na aliyelitengeneza.

Lilizimia mkabala na boma moja, na kutoka bomani akaja mama mzee wa Kimaasai, polepole, akivuta shuka yake. Nilidhani ataniuliza gari lina nini. Wapi! "Takwenya," akanisalimu. "Iko," nikaitika upesi, macho yangu kwenye boneti. Akanipa mkono, akaketi kwenye jiwe kando ya barabara, akaanza. Nimelalaje? Vizuri, yeyo, nikasema, maana ndivyo Wamaasai wanavyomwita mama. Watoto wazima? Kwetu Ukambani mvua imenyesha? Ng'ombe wazima? Sikuwa na ng'ombe hata mmoja, lakini niliona heri niseme wazima kabisa kuliko kuanza kueleza.

Kisha ikawa zamu yake kutoa habari. Alianza na ng'ombe, akaja kwa mbuzi, akaja kwa kijana wake aliyeenda Rombo na hajarudi, akamalizia na goti linalomsumbua. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na Kimaasai changu kidogo zaidi, kwa hivyo mambo yalikwenda taratibu. Nadhani hata nyumba ingekuwa inaungua, angeanza na salamu. Alipomaliza goti ndipo akauliza, "Sasa hiyo gari iko na shida gani?" Nikazungusha ufunguo nimwonyeshe. Likawaka.

Basi ikawa hivyo kila siku ya soko. Gari linazima palepale, yeye anatoka, tunasalimiana, linawaka, naondoka mbio nikinung'unika kwamba nimechelewa. Siku nyingine alikuja na chupa ya chai. Nilikunywa nimesimama.

Fundi wangu pale Kitengela, mtu mzima mwenye tumbo na maneno mengi, alikuwa na jibu moja kwa kila ugonjwa: mafuta machafu. Alibadilisha filta, akabadilisha plagi, akashusha tangi akaliosha. Wapi. Wateja wangu wa Kajiado wakaanza kununua kwa wengine, nami nikaenda gereji nimefura.

"Mama, tulia," akasema. "Ikizima, inakaa muda gani ndiyo iwake?"

"Muda wa salamu."

"Salamu gani hizo?"

"Za yeyo mmoja wa kule mbele ya Isinya. Tukifika kwa goti lake, linawaka."

Alicheka hadi akashika tumbo. Halafu akaacha ghafla. "Kumbe inakufa ikiwa moto, inafufuka ikipoa! Na ulikuwa umenyamaza na hiyo habari?"

"Kwani uliniuliza?"

Akaiacha injini ingurume hapo gereji hadi ikazima. Akaingia chini ya gari na jagi la maji baridi, akayamwagia kidude kilichojificha karibu na puli ya kranki, ule mhimili wa injini, kimejaa matope na grisi. "Washa!" Nikawasha, ikashika.

"Huyu ndiye mwizi wetu," akasema kutoka huko chini. "Sensa ya kranki. Kazi yake ni kuambia kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka. Ikishika moto inanyamaza, kompyuta inafikiri injini imekufa, inakata kila kitu."

Mpya ilitoka Nairobi. Bolti ya ile ya zamani iligoma, akaipulizia mafuta, akaingoja, akaibembeleza hadi ikatoka. Akasafisha tundu, akapaka oili kidogo kwenye mpira wa sensa mpya, akaisukuma ikakaa, akafunga, akaunganisha waya na kuufunga mbali na egzosi, bomba la moshi. Ile ya zamani alinipa mkononi. Kitu chepesi namna hiyo, na kilikuwa kimeninyanyasa hivyo!

Siku ya soko iliyofuata nilipita Isinya nikiimba. Jiwe lile nililipita hata bila kuligundua. Nilifika mapema, kabichi zikaisha, watu wakauliza bei. Halafu nikakaa kwenye gari kula chapati, na hapo ndipo nikakumbuka kwamba tangu niamke hakuna aliyeniuliza nimelalaje. Nikalia, mwanamke mzima, chapati mkononi, na sikujali nani ananiona.

Wakati wa kurudi nilimkuta ameketi kwenye jiwe lake, chupa ya chai miguuni. Nikatoka barabarani, nikazima injini kwa mkono wangu, nikashuka.

"Limezima tena, yeyo."

Akaitazama boneti. Akanitazama mimi, macho yangu bado mekundu.

"Leo haijakohoa," akasema.

Akasogea pembeni, akapigapiga jiwe niketi, na kwa mara ya kwanza nikaketi.

"Takwenya."

"Iko."

"Umelalaje?"

"Vibaya, yeyo," nikamwambia. "Tangu mzee wangu afe, nalala vibaya."