Kobe wa Katuni Aliyenivisha Buibui

Walioniponza ni wawili, nawataja: mke wangu Zuwena na Makame fundi viatu.

Juzi barazani tulibishana picha ipi ya sinema inastahili tuzo kubwa. Makame akaishikilia picha ya Kihindi. Mimi, nisiyemaliza hata darasa la pili lakini bingwa wa sinema pale mtaani, nikaitetea katuni ya kobe aliyeibiwa gamba. Sikuwa nimeiona. Zuwena ndiye aliyeiona, akanihadithia mpaka nyimbo zake.

"Michoro ya watoto hiyo!" Makame akacheka.

"Watoto? Kobe alipolia, na mimi nililia. Ukumbi mzima ulilia!"

"Kwani weye umeiona, Bwana Khamis?"

"Nshaiona, kwa macho yangu haya mawili! Nilikaa safu ya mbele."

Makame akaweka kikombe chake cha kahawa chini, taratibu.

"Katuni ile imeonyeshwa mara moja tu, Jumatano mchana, onyesho la wanawake peke yao. Mke wangu alikuwemo. Hebu twambie, ndugu yangu, uliingia na buibui la nani?"

Zuwena alinihadithia yote, ila hilo.