Mama Akili Kwenye Balkoni

Mimi nimetoka Nyahururu, ambako baridi si mgeni, lakini ile ya Februari 2010 ilinitoa kiburi. Theluji ilisimamisha hata treni, na huku Bredäng, Uswidi, tukakaa ndani kama kuku waliofungiwa tunduni. Aliyekabwa zaidi ni jirani yangu Olive wa ghorofa ya saba, Mkongo wa Uvira. Tunasali kanisa moja, na sote humwita Mama Akili kwa ajili ya mwanawe wa miaka minne. Siku ya mkasa huu mumewe, Désiré, alikuwa amekwama kazini mji wa Södertälje tangu jana yake. Akili hakwenda chekechea kwa sababu sikio lilimuuma. Kutwa ni mama, mtoto na kuta nne.

Sasa, Mama Akili hakuwa na friza. Friza ya nini, na balkoni iko pale inagandisha bure? Wakongo wote ninaowajua hapa hufanya hivyo: samaki nje, nyama nje, na sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, nayo nje. Asubuhi hiyo alibandika maharage, akatoka na kitenge na kandambili kuchukua pakiti moja ya sombe. Kazi ya kufumba na kufumbua.

Akili akaja nyuma yake, akausukuma mlango, akaning'inia kwenye kitasa mpaka kikazunguka. Kila siku mama yake humwimbia afunge mlango, joto linatoka, na akifunga husifiwa. Basi siku hiyo alifunga vizuri kabisa. Mlango ule kwa nje hauna kitasa.

"Akili, baba, fungua," mama akasema kupitia kioo.

Mtoto akatikisa kichwa. "Får inte," akajibu kwa Kiswidi cha chekechea. Siruhusiwi.

Na kweli hakuruhusiwa. Ghorofa ya saba, mtoto mtundu. Mama alimkataza kuufungua mlango ule, na mara mbili alipomkuta ameufungua alimchapa kwa mwiko mpaka akanyooka. Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo wengi wetu tulivyolelewa, wala hakuna kanisani aliyemlaumu.

Akambembeleza. Akamwahidi pipi, akamwahidi katuni, akamwambia leo mama ameruhusu. Mtoto akamtazama kama anayetegwa. Miguu ya mama ilianza kuuma, kisha ikaacha kuuma, na hapo ndipo alipoogopa.

Chini kulikuwa na mwanamume akisukuma theluji kwa trekta. Angeweza kumwita. Lakini akiita, polisi watakuja, na wakija watakuta mtoto peke yake na jiko linawaka, na baada ya polisi ni wale wa ustawi wa jamii, ambao sisi huwataja kwa kunong'ona. Wameshachukua watoto wa watu. Mama Akili akaumeza ukelele wake, akaendelea kugonga kioo polepole, kwa vidole, ili majirani wasisikie.

Kisha akaona moshi. Maharage yalikuwa yamekauka, sufuria inaungua, na moshi unatambaa darini kuelekea sebuleni. Akili akakohoa.

Baadaye aliniambia, "Dada Jerioth, nilisema bora wamchukue akiwa hai." Akainama juu ya ukuta wa balkoni, akapiga kelele kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa Kiswidi. Trekta lilinguruma, likapinda kona, likaenda zake. Hakuna dirisha lililofunguka.

Alipogeuka, machozi yalikuwa yakimtiririka. Akili alikuwa amebandika pua kwenye kioo.

"Mama, unalia?"

Mama akaitikia kwa kichwa.  Mtoto akaenda akavuta stuli, akapanda, akakishika kitasa kwa mikono miwili, akakizungusha.

Mama akaangukia ndani kwa magoti. Akatambaa hadi jikoni, akazima jiko, akageuka amkumbatie mwanawe, amshukuru. Akamnyooshea mikono.

Akili alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani. Alikuwa amejikunja, mikono yote miwili juu ya kichwa, macho ameyafumba, anasubiri kipigo.