Mzigo wa Thelathini na Moja

Ilikuwa mwaka wa sabini na nane. Hapana, nisiseme uongo, ulikuwa sabini na tisa, maana sabini na nane cherehani ilikuwa bado ya kuazima, na siku ninayoisema ilikuwa yetu, imekaa dirishani, na mke wangu hataki mtu aiguse.

Marehemu mke wangu alikuwa fundi wa nguo. Mtaani wakimwita Sindano, kwa wembamba na kwa ulimi. Vitambaa vilivyobaki hakutupa. Alivishona nepi, vishati na vikofia, akavifua mara mbili, akavipiga pasi, na kila mwisho wa mwezi nyumba nzima tulikaa sakafuni kufunga mizigo ya watoto wachanga wa wodi ya wazazi. Yeye aliiita mizigo ya wageni. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, "lakini mgeni akija hana nguo, mwenyeji atapona vipi?"

Binti yetu aliweka nepi na sabuni. Dada yangu aliweka kishati, soksi na kikofia. Mimi nilipewa kukunja shuka, nikanyang'anywa, eti mikunjo yangu ni ya gunia. Kufunga alifunga Sindano peke yake, fundo la vitanzi viwili. Ukivuta kimoja, limefunguka. Mama aliyetoka kwenye uchungu, alisema, hana subira na fundo.

"Wifi," dada yangu akamtania, "kaka yangu ulimfunga fundo gani, mbona hafunguki?"

"Huyo sikumfunga. Alijikwaa mwenyewe kwenye uzi."

Tulicheka mpaka soksi zikapotea.

Kulikuwa na mzigo mmoja usio wa wodi. Ulikaa ndani ya sanduku la bati, na ufunguo Sindano aliufunga kwenye upindo wa nguo yake. Ulikuwa wa mtoto wetu wa kwanza, aliyekaa nasi siku tisa. Ndani mlikuwa na kikofia cha manjano, kazi yake ya kwanza, sikio moja refu kuliko jingine. Hata binti yetu alipozaliwa alivalishwa vya kuazima, ule haukuguswa. Na fundo lake lilikuwa lilelile.

Siku hiyo tulifunga mizigo thelathini. Niliipakia kwenye mkokoteni, nikaisukuma hadi wodini. Muuguzi akahesabu.

"Baba, mbona ni thelathini na moja?"

"Basi Mungu kaongeza," nikasema, nikarudi napiga mluzi.

Nyumbani nikamkuta binti yetu mbele ya sanduku lililo wazi, mkono mdomoni. Mama yake alikuwa ametoka kununua uzi.

"Baba, ule mzigo haupo."

Nilikimbia kurudi wodini. Mtoto yule alipofariki, Sindano alinyamaza miezi mitatu, na mimi kimya kile sikutaka kukisikia tena. Nilitaka mzigo uwe umerudi kabla yeye hajarudi.

Muuguzi alinipeleka kitanda cha mwisho, kwa mama mmoja aliyekuja mikono mitupu. Kichanga kimelala, kikofia cha manjano kichwani, sikio moja limening'inia.

"Umesahau kitu, baba?" yule mama akaniuliza.

Nikaliinua lile sikio lililoning'inia. "Hapana, mwanangu. Nilikuja kumsalimu mgeni."

Niliporudi, Sindano alikuwa kwenye cherehani. Sanduku limefungwa, ufunguo upindoni. Nikamweleza yote. Hakusimamisha gurudumu.

"Kimemtosha?" akauliza.

"Kimemtosha."

"Hakikumziba macho?"

"Hata kidogo."

"Haya." Akakata uzi kwa meno.

Binti yetu anaapa mpaka leo kwamba alilikuta sanduku liko wazi. Dada yangu naye aliapa mpaka siku zake za mwisho kwamba hakuligusa. Huu ni mwaka wa sita tangu Sindano atutoke. Mizigo bado tunaifunga, na mashuka sasa nakunja mimi, hakuna wa kuninyang'anya. Mikunjo ni ya gunia vilevile. Na kila nikivuta kitanzi kuona kama fundo litafunguka, namuuliza lile swali nililomuuliza miaka yote, naye akinijibu tu, "Hebu nipitishie hizo nepi":

"Mama watoto, ule mzigo uliutoa mwenyewe?"