Mbuzi wa Resiato

Resiato ni mke mwenzangu, mdogo wangu katika boma la marehemu mume wetu hapa Olbalbal. Namwandika mimi kwa sababu nilisoma hadi darasa la saba, enzi ambazo mabinti wa huku walifichwa mwalimu asiwaone.

Kwetu ng'ombe akifa ghafla, nyama haipotei. Majirani wanaitwa, na ukikataa nyama ya mtu umemtukana. Ndivyo alivyoondoka Loserian, mtoto wa kwanza wa Resiato. Alichuna ng'ombe aliyekufa kwa kimeta, kidonda cheusi kikamtoka mkononi, na tulipomfikisha hospitali ya Endulen alikuwa hasemi tena.

Tangu hapo mama yake anazunguka maboma: ng'ombe aliyekufa mwenyewe asipasuliwe, azikwe mzima. Nani atasikiliza hayo na njaa tumboni? Basi akaanza kutoa mbuzi wake. Wewe zika ng'ombe, mimi nakupa mbuzi uchinje. Baadaye wanawake tukakubali kupokezana kutoa mbuzi, boma kwa boma, na miaka mingi sasa hatujamwona mtu mwenye kidonda kile. Lakini ukame huu umetumaliza.

Juzi akafa ng'ombe wa Tobiko, mdogo wa mume wetu. Damu ilimtoka puani. Tulipofika, Tobiko alikuwa ananoa kisu.

"Karibu shemeji, mama wa makaburi. Na huyu umekuja kunizikia?"

"Weka kisu, Tobiko."

"Halafu watoto wangu wale mahubiri yako?"

Resiato akatugeukia. Zamu ilikuwa ya jirani yetu Seenoi. Seenoi akatazama chini; mbuzi wake wameisha. Langu nalo zizi tupu, nisiulizwe.

Resiato akarudi nyumbani polepole, magoti yake mabovu, akaja anamvuta mbuzi wake wa mwisho, yule anayekamuliwa kwa ajili ya mjukuu.

"Chukua. Nimechoka kubishana na wewe."

Tobiko akakitazama kiwele. "Huyu si wa mtoto?"

"Ndiye."

"Mtoto atakunywa nini?"

"Sijui."

Tobiko akasonya, akarudisha kisu alani. "Mrudishe. Nisije nikasemwa nimekula maziwa ya mtoto. Leteni majembe."

Tukachimba. Ardhi ya kiangazi haikubali jembe, na Tobiko alilalamika kila pigo: mvua, serikali, wanawake wa kaka yake.

"Shemeji," Resiato akamwambia, "mdomo wako ungekuwa sululu, tungemaliza asubuhi."

Hata yeye Tobiko alicheka kidogo. Tulifukia, tukalaza matawi ya miiba juu ili fisi wasifukue, kila mtu akaenda kwake bila nyama.

Jioni Resiato alikamua. Nusu ya maziwa akampa mjukuu, nusu akanituma nipeleke kwa watoto wa Tobiko. Niliporudi nilimkuta amelala hajala, katambuga bado miguuni. Nikamvua.