Nundu Niliyotoka Nayo Nyumba ya Waandishi

Nundu hii ya kwenye paji la uso ndiyo iliyoniokoa nisiolewe. Msicheke, nisikilizeni kwanza.

Ilikuwa Jumatano, hapa hapa mjini Kashan. Siamak alikuwa ameshaleta posa, na Ijumaa baba angetoa jibu. Aliyemleta kwetu ni shangazi Pouran, dada yake baba, aliyenisuka nywele tangu utotoni.

"Kijana katulia, hajawahi kuoa," alituapia mbele ya chai.

Siku hiyo tulitoka sokoni mimi, shangazi na Siamak, tukapita nyumba ya wale waandishi, mume na mke walioandika vitabu vyao kwenye meza moja. Nimekua nikiwasoma. Watu hufungia ndoa mbele ya meza ile, na mimi niliota yangu ifungwe hapo.

"Tuingie basi," nikasema.

"Jumba bovu hilo, kuna nini cha kuona?" shangazi akanuna.

"Mimi sijawahi hata kukanyaga," Siamak akadakia. "Jua kali, Nastaran, twende zetu."

Nikatangulia. Wakanifuata shingo upande.

Chumba cha meza kiko mwisho wa ukumbi wenye giza. Nilienda mbio mbio kwa furaha.

Puu! Boriti ya mlango ikanipiga usoni.

Bi Sedigheh, mtunza nyumba, akaja na kitambaa cha maji huku anacheka. "Pole, binti. Kila mgeni lazima boriti hii imsalimie. Haionekani."

Nikageuka niwaonye wenzangu, waliokuwa ndio kwanza wanatokea gizani.

Siamak alikuwa anaongea kwenye simu. Akainama, akapita, hata juu hakutazama.

Nyuma yake shangazi. Naye akainama.



"Shangazi, umejuaje?"

"Nimejua nini tena?"

Bi Sedigheh akamkodolea macho, kisha akapiga makofi. "Kumbe ni wewe! Si wewe uliyesugua mabonge ya sukari juu ya vichwa vya maharusi kuwatakia ndoa tamu, ukaimwaga kwenye zulia zima? Sisimizi walinitesa wee!" Akamgeukia Siamak. "Na bwana harusi mwenyewe huyu hapa! Mkeo hajambo?"

Kwenye simu mtu alikuwa anaita, "Alo? Alo?" Siamak akaikata.

"Naweza kueleza," akasema, macho chini.

"Mkewe hazai," shangazi akaninong'oneza. "Tungekwambia ukishazoea. Mbona unakuza mambo?"

Nililia pale pale, mbele ya meza niliyoiota. Siamak nilimjua juzi tu, atapita. Aliyeniuza ni damu yangu.

Jioni shangazi akaja nyumbani na barafu kwenye taulo, eti anikande.

"Iache ivimbe," nikamwambia. "Ijumaa baba akitaka kutoa jibu, nitamwonyesha hii."

Ndugu zangu, hadi leo nikipitisha mkono hapa nawaza jambo moja. Shangazi aliniona nikikimbilia gizani, na boriti ile aliijua. Angesema "inama" ningeinama.

Anayekupenda atakwambia uiname, hata kama siri yake itavuja. Wangu alinyamaza akanitazama nikienda.