Nyumba Tuliyoipigia Kura

Niliambiwa, nami nikaamini kwa moyo wangu wote, kwamba Nanyuki kulikuwa na wanaume wanne waliocheza mchezo wa kusimuliana safari, ule aliotuletea mwalimu wetu, kwa kupatana sana, hata walipovuka mto wa hadithi wakiwa wamekaa tu mezani, wote wanne waliinuka na matope kwenye viatu. Matope ya rangi moja. Aliyenipa habari hiyo alikuwa muuza mbolea, na mtu wa mbolea nilidhani anajua matope.

Hiyo ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni. Nilikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha kahawa nje ya mji wa Nyeri, na jioni nilisoma shule ya watu wazima, ambayo niliimaliza kwa kishindo. Katika hesabu nilikuwa wa kwanza mkoa mzima, au darasa zima, sikumbuki vizuri. Mwalimu wetu aliona tunaogopa kuongea mbele za watu, akatuletea mchezo aliofundishwa na mgeni mmoja huko chuoni. Mnakaa mezani. Mmoja anasimulia safari, na wengine kila mtu anajifanya mtu fulani: mwindaji, mganga, mwenye punda. Msimulizi anasema mmefika mtoni, nawe unasema unafanya nini. Pakiwa na shaka, dadu inatupwa. Hakuna anayeshinda, jambo ambalo mke wangu hajalielewa mpaka leo.

Tulikuwa wanne. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana tulikutana kwa fundi cherehani wa mtaa wa Majengo, Mwislamu wa makamo ambaye Kiswahili chake kilikuwa safi hivi kwamba sisi wengine tukiongea tulijisikia kama tunakanyaga vyombo. Meza yake ya kukatia nguo ndiyo ilikuwa nchi yetu, na tuliichora kwa chaki yake. Mwalimu ndiye aliyesimulia. Wa nne alikuwa mama muuza viazi, mjane, darasani mtu wa kujibu "ndiyo" na "la" basi.

Lakini ni yeye aliyeleta nyumba. Mwalimu alimuuliza mtu wake wa mchezo anatoka wapi, akasema anatoka nyumba ya mama yake. Kisha akatueleza, polepole, kwamba nyumba hiyo ilikuwa ya kweli, upande wa Murang'a, na kwamba ilichomwa akiwa msichana, wakati wa Hali ya Hatari ya Waingereza, walipohamishiwa kwa nguvu kwenye vijiji vilivyozungushiwa ua. Picha hakuna. Waliolala humo naye wote wamekufa.

"Imebaki hapa tu," akasema, akigusa kitambaa chake cha kichwa.

Tangu siku hiyo safari zetu zote zilianzia kwenye nyumba ile na kurudi pale. Alituambia ukiingia lazima uiname. Alituambia nguzo moja ilikuwa laini kama sabuni kwa kushikwa na mama yake kila asubuhi. Mwanamke wa "ndiyo" na "la" aliongea mpaka fundi akasahau pasi juu ya suruali ya mteja.

Shida ilikuwa mimi. Mimi nilitaka matope. Kila Jumamosi niliinama chini ya meza kukagua viatu vyetu, nikakuta vipande vya uzi tu. Nikaamua kwamba hatuoni kitu kimoja, ndiyo sababu. Na kwa kuwa nilikuwa pia katibu wa mikutano ya chama chetu cha kahawa, nilijua dawa moja tu ya watu wasiopatana: kumbukumbu za mkutano.

Nikaja na daftari. Ajenda ya kwanza, nyumba. Fundi alisema yeye huiona ya mabati, yenye baraza. Mwalimu aliona mlango umeelekea mlimani. Mimi niliona nyumba ya kutosha wageni arobaini, na nadhani kulikuwa na ngazi. Mama muuza viazi alisema ni ya nyasi, na mlango ulitazama bondeni kwa ajili ya upepo. Tulijadili kwa heshima. Nikapendekeza mabati, kwa sababu mabati hudumu. Fundi akaunga mkono. Mikono ikainuliwa, mitatu kwa mmoja, nami nikaandika: limepita. Nikaichora mezani kwa chaki, pamoja na mifereji ya maji ya mvua.

"Sawa," mama akasema. Alicheza mpaka mwisho, lakini mtu wake aliizunguka nyumba na hakuingia. Nikaandika kwamba mjumbe mmoja hakushiriki vizuri.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine. Baadaye alirudi, niseme mapema msihangaike, ingawa kuingia tena mchezoni katika nyumba ya mama yake kulimchukua muda mrefu. Lakini kwanza mwalimu alinituma nikamwone, ati katibu ndiye anayejua kuita watu.

Nilimkuta sokoni akipanga viazi kwenye debe. Nikakaa juu ya gunia, daftari kwapani, nikamuuliza kama ni mgonjwa.

"Si mgonjwa," akasema. "Karani, tangu siku ile nikifumba macho naona mabati. Nayasukuma nitafute nyasi, yanarudi. Nilikuwa na nyumba moja tu, nanyi mmeipitisha kwa mikono."

Nikalitoa daftari kwapani, nikamwambia nitaichana ile karatasi. Akasema karatasi haimsumbui. Basi kwa aibu nikamtolea yote: Nanyuki, wale wanne, viatu, jinsi nilivyotaka tuone kitu kimoja. Hakucheka. Aliniuliza mto wa mchezo wetu mimi huuona ukitokea upande gani. Nikasema kushoto, mpana, na viboko kama mia hivi.

"Wangu unatoka kulia," akasema. "Mbuzi anauruka. Fundi naye aliniambia wake una daraja."

"Sasa tulivukaje pamoja, mama?"

Akaweka kiazi cha mwisho juu ya debe, akakizungusha kikae.

"Tulikuwa tunaambiana tu, karani. Hatujaona kitu kimoja hata siku moja, na hakuna watu wanaoona. Kila mtu alikuwa na chake kichwani, na mchezo ulienda vizuri hivyo hivyo."