Mbwa wa Baba Ghorofani

Baba alikubali kuhamia kwangu Kitale kwa sharti moja, kwamba asije peke yake. Mbwa wetu wa nyumbani Sirisia alikuwa amezaa, naye alitaka mtoto mmoja. Nilimwambia tunaishi ghorofa ya pili, hatuna hata pahali pa kupanda sukuma, mbwa atakaa wapi? Akanijibu, "Atakaa pale mimi nitakaa." Mama alikuwa amefariki, na tangu hapo baba alianza kusahau mambo. Siku moja aliwasha moto akaenda zake shambani, na paa la jikoni likaungua lote. Sikuwa na nguvu ya kubishana naye juu ya mbwa.

Kwetu Bungoma, mzee kwenda kuishi nyumbani kwa mkwe ni aibu, na baba aliijua aibu hiyo kuliko mtu yeyote. Lakini ndugu yangu wa pekee amepanga chumba kimoja mjini Bungoma, na mke na watoto wamo humo humo. Hakukuwa na kwingine. Mume wangu ni mtoto wa wakulima waliotoka Mkoa wa Kati wakanunua shamba Trans-Nzoia, na kwao jambo hilo halina uzito sana. "Mzee ni mzazi," alisema. "Aje tu." Hata hivyo, baba alipofika alivua kofia mlangoni, akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuomba kazi, mtoto wa mbwa akichungulia kutoka ndani ya koti lake.

Baba alikuwa amefuga mbwa maisha yake yote, hata miaka ile alipokuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi Webuye, lakini hakuwahi kumfundisha hata mmoja kutoka nje kwa haja. Mbwa wetu walizaliwa nje, wakaishi nje, wakafa nje. Huyu sasa alikuwa juu ya vigae, na uani palikuwa pa wapangaji wote, watoto wao wakipiga mayowe kila wakimwona. Ilibidi alale ndani. Nilisoma kwenye simu kwamba ateremshwe kila akila na kila akiamka, na asipigwe. Baba akaichukua hiyo kazi kwa mikono miwili.

Mbwa akimaliza uji wake, baba alimbeba, akashika chuma cha ngazi, akateremka polepole mpaka kwenye nyasi kidogo zilizoota nyuma ya tangi la maji. Nilikuwa nikiwaona kutoka dirishani. Mbwa alikuwa akinusa, aking'ang'ania kamba ya kiatu cha baba, kisha anakaa. Baba alimsubiri, akimsemesha Kibukusu kwa sauti ya chini. Kisha walipanda juu tena, na mbwa alifika kwenye zulia la mlangoni na kukojoa papo hapo, akimtazama usoni. Baba alicheka mpaka akakohoa. "Huyu ni mjinga kabisa," alisema. "Ni mbwa yangu kweli." Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mazishi.

Na mbwa akajifunza. Ilianza kwa kuzungukazunguka mlangoni. Halafu akawa anakuna mbao kwa ukucha na kulia kidogo, na mtu akifungua, anateremka mwenyewe mbio na kurudi. Nilianza kusahau mopa iko wapi.

Jumapili moja mchana, tulipotoka kanisani, nilishuka kuanika nguo, na mbwa akanifuata. Tuliporudi juu nilimkuta baba ameketi kwenye kiti chake cha dirishani. Chini ya kiti palikuwa na maji, na suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini. Hakunitazama. Alitazama barabarani, pale bodaboda zinapongoja wateja.

"Hii mbwa yako imekojoa tena," alisema.

Mbwa alikuwa miguuni pangu, ndio kwanza tunaingia naye. Na baba hakuwa amewahi kusema kwamba mbwa ni wangu.

"Haya, baba," nikasema. "Nitapanguza."

Nilipanguza. Nikamwekea suruali nyingine kitandani, nikatoka, nikafunga mlango. Binti hamvui babake nguo. Nilisimama jikoni nikimsikia akihangaika na vifungo, na sikuweza kwenda.

Baada ya hapo ilikuwa mara kwa mara. Kwenye kiti, kwenye korido, mara moja kwenye kochi. Kila mara ilikuwa mbwa. Baba akaanza kumkaripia mbwa kwa sauti, mume wangu alipokuwepo: "Si nilisema hii kitu haina akili?" Siku moja alimwinulia kiatu. Mbwa alijilaza chini, mkia katikati ya miguu, akingoja kuambiwa kosa lake. Kisha akaenda kukaa mlangoni, kama alivyofundishwa.

Mume wangu huendesha lori la mahindi, na anaporudi nyumbani hutaka kulala tu. Si mtu mbaya. Alivumilia ile harufu kwa muda mrefu kuliko ambavyo mimi ningevumilia. Jioni alipokalia kochi na kuinuka amelowa, alibadilisha suruali bila neno, akaja jikoni.

"Huyu mbwa amekataa kufundishika," alisema. "Mrudishe kwenu."

"Ni mdogo bado."

"Mdogo gani? Angalia vile amekua."

Ningeweza kumwambia kwamba mbwa alikuwa amejifunza zamani. Lakini mlango wa chumba cha baba ulikuwa wazi kidogo, na nilijua anasikia. Ningemtetea mbwa kwa kumvua nani nguo? Nikasema tu, "Mpe muda kidogo."

Baba akatoka. Alisimama kwenye korido, kofia mkononi, macho sakafuni.

"Mkwe anasema kweli," alisema. "Mbwa irudi Sirisia. Nyumba ya watu si ya kuchafua."

Sijui kama mume wangu alikuwa ameshajua ukweli. Sijawahi kumuuliza, naye hajawahi kusema.

Nilimpeleka mbwa ndani ya katoni yenye matundu. Njia nzima hakukojoa humo, akajizuia mpaka tulipofika. Baba mdogo, anayetuangalizia boma, alimfunga kwa kamba chini ya ghala la mahindi. Mbwa akaanza kuzunguka na kulia, akivuta kamba kuelekea kwenye nyasi.

"Inalialia nini hii?" baba mdogo akauliza.

"Anataka kutoka."

"Atoke aende wapi? Si iko nje?"

Nilimfungua mbwa, akakimbia nyasini, akamaliza haja yake, akarudi kunitazama. Baba mdogo akamfunga tena. Kabla ya msimu wa kuvuna alinipigia simu kusema mbwa ameikata kamba na hajulikani aliko. Baba sikumwambia. Hata hivyo, hakuwa ameuliza habari zake hata siku moja.

Nilidhani mbwa akiondoka, baba atalazimika kukubali msaada. Badala yake aliacha kunywa. Kwanza chai ya saa nne, kisha maji, kisha hata mchuzi akawa anausukuma kando na kula ugali mkavu. Alisema hana kiu, nami nilimwamini kwa muda, mpaka siku alipoanguka bafuni na daktari akaniambia mwili umekauka. Nilinunua nepi za watu wazima, nikaziweka chini ya blanketi lake bila kusema kitu. Asubuhi nikazikuta juu ya meza ya jikoni, zimepangwa vizuri.

"Kuna mgeni amesahau vitu vya mtoto wake," baba alisema.

Sasa mume wangu amenunua plastiki ya kufunika viti vyote, na baba anakaa kwenye kiti kigumu cha mbao alichokichagua mwenyewe. Mimi namletea uji mwepesi kila nikitoka kazini. Anaupokea kwa mikono miwili, anashukuru, anaushika mpaka ufanye utando juu.

"Kunywa, baba."

"Baadaye, mama," ananiambia. "Baadaye."